Neno moja nililomtafsiria Kaptula

Maishani nimekula kiapo cha kutunza siri ya mtihani mara saba. Cha ndoa mara moja tu, nacho alikivunja mwenzangu. Cha mtihani nimekivunja mimi mwenyewe, mwezi wa nne, hapa St. Paul, Minnesota, kwa neno moja la Kiswahili.

Nilifundisha shule ya msingi Muheza miaka tisa, hisabati na sayansi, darasa la tano mpaka la saba. Kila Septemba tulikuwa tunapangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba, na hupangiwi shuleni kwako. Wa mjini anapelekwa Amani mlimani, wa Amani anateremshwa bondeni. Kwanza semina: mnakula kiapo, mnasomewa makosa ya wasimamizi wa mwaka uliopita, mnaelezwa habari za posho, na hapo ndipo kila mtu anapotoa kalamu. Asubuhi ya mtihani bahasha zinakuja na askari mwenye bunduki, zinafunguliwa mbele ya watahiniwa ili waone hazijaguswa. Chati zote zimeshabanduliwa ukutani. Simu za wasimamizi ziko ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtoto akinyoosha mkono kuuliza maana ya neno, jibu ni moja: soma swali, jibu unavyoelewa.

Nilikuwa mkali, sijifichi. Kuna binti alilia mbele yangu kwenye karatasi ya Kiingereza. Nilimwazima leso yangu, sikumpa neno hata moja.

Ukali wenyewe ulikuwa na sababu. Kwetu ule mtihani ni mlango. Umefaulu, jina lako linatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Hukufaulu, Januari wenzako wananunuliwa sare, wewe unatafutiwa nyumba Dar ukafanye kazi za ndani. Wanafunzi wangu kadhaa wamepita njia hiyo. Kwa hiyo anayemnong'onezea mmoja jibu anamnyang'anya mwingine kiti. Hivyo ndivyo nilivyoelewa kiapo, na ndivyo nilivyokuja nacho Marekani.

Nilikuja kwa bahati nasibu ya Green Card. Cheti changu cha ualimu kilikuja nami kwenye bahasha ya kaki, na humo kwenye bahasha ndimo kilimobaki. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nageuza wazee kitandani, zamu ya usiku. Sina ubaya na kazi ile, ilinisomeshea wadogo zangu wawili. Lakini mtu aliyezoea kelele za watoto arobaini na tano darasani, ukimya wa saa tisa usiku kwenye nyumba ya wazee unamla taratibu. Ndipo dada mmoja Mkenya wa kanisani akaniambia kuna shule inatafuta msaidizi wa mwalimu anayejua Kiswahili.

Shule yenyewe ni ya chata. Nilipomwambia mdogo wangu wa Tanga kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. "Chata ya nini, ya Simba au ya Yanga?" Kwetu chata ni nembo kwenye fulana. Huku ni mkataba. Shule ya chata ni ya umma kabisa: inalipwa na jimbo kwa idadi ya watoto, haitozi ada, haichagui wenye akili, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu. Ila haiko chini ya mamlaka ya shule za mji. Ina bodi yake, na ina mkataba na taasisi iliyoipa kibali, ambayo hapa Minnesota yaweza kuwa chuo, shirika lisilo la kiserikali, hata mamlaka ya shule yenyewe. Jimbo hili ndilo lililoanzisha mtindo huu Marekani nzima. Sheria ilipita mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa humu humu St. Paul mwaka 1992. Makubaliano yalikuwa kwamba tunawapunguzia masharti, fundisheni mnavyojua, lakini mtuonyeshe matokeo. Masharti mengi yalipunguzwa kweli. Mtihani wa jimbo haukuguswa.

Unaitwa MCA. Nyuma yake iko sheria ya Washington, ile aliyoisaini Bush mwaka 2002, ikarithiwa na ya Obama ya mwaka 2015: kila jimbo lipime kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kisha mara moja tena sekondari. Sayansi nayo imo, ila mara chache zaidi. Shule binafsi hazihusiki. Chata inakula fedha za umma, kwa hiyo inahusika kama shule nyingine yoyote ya mji. Mwaka 2020 peke yake, corona ilipofunga shule, mitihani ilisimamishwa nchi nzima, na mbingu hazikuanguka.

Mtoto aliyeandikishwa kwamba bado anajifunza Kiingereza anaongezewa mtihani wa pili, ACCESS, kila mwaka tangu chekechea mpaka afuzu. Kwetu shuleni hao ndio wengi. Tuna Wahmong wa asili ya Laos, Wasomali, Wakaren wa kutoka Burma, na miaka ya karibuni wamekuja Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Watoto wao wamezaliwa Tanzania, wanazungumza Kiswahili cha Kigoma na cha Fizi, kwao mashariki mwa Kongo, kwa pamoja, wananiita mwalimu kabla sijajitambulisha. Kwa ajili yao ndiyo nikaajiriwa.

Niseme kidogo habari za ACCESS, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuwa na moyo mzito, miezi miwili kabla ya kosa langu.

Sehemu ya kuzungumza inafanywa kwenye kompyuta. Tuliwakalisha watoto sita kwenye chumba kimoja, mbalimbali, kila mmoja na vipokea sauti vikubwa kichwani vyenye kijiti cha maikrofoni mdomoni, kama marubani. Kwenye skrini anatokea mtu wa kuchorwa, anaeleza kitu, kisha anatokea mtoto wa kuchorwa, anajibu kwa mfano. Halafu zamu yako: bonyeza, sema. Mtoto wa Kihmong aliyezaliwa hapa alikuwa anasema na ile mashine kana kwamba wamegombana tangu jana. Binti mmoja wa Kikongo, mpole, aliyelelewa na bibi yake, alibonyeza, akasema sentensi moja ya maneno matatu kwa sauti ya kunong'ona, akaachia. Akabaki ameweka mikono mapajani.

Nilimjua. Kiingereza anacho. Uwanjani anawapanga wenzake kwenye kamba kwa Kiingereza kitupu. Lakini nyumbani kwao, kama nyumbani kwetu, mtoto akiulizwa na mkubwa anajibu kwa kifupi, kwa sauti ya chini, na habishani. Mtihani ule unataka urefushe: toa sababu, toa mfano, endelea. Adabu yake ikasomwa kuwa upungufu wa lugha. Alama zinakwenda kuanzia 1 mpaka 6, na mwaka ule ili mtoto afuzu alitakiwa wastani wa 4.5. Yake ya kuzungumza ilirudi chini ya 2. Bibi yake alipoletewa karatasi alifurahi: "Kumbe hapigi kelele shuleni." Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Mwezi wa tatu tukaingia semina ya MCA. Hakuna posho. Kuna video za kutazama kwenye kompyuta, kisha fomu ya kusaini kwamba hutatoa siri, hutasoma maswali kwa ajili yako, hutampa mtoto msaada usioruhusiwa. Nilisaini kwa mbwembwe. Niliwaambia wenzangu habari za askari na bunduki wakadhani natania. Siku ya kufunika kuta mimi ndiye niliyepanda ngazi. Ramani, tebo za kuzidisha, alfabeti, bango la hatua za kuandika insha, vyote nilivibandikia karatasi la kahawia. Mwalimu mkuu msaidizi alipita akasema hajawahi kuona darasa limefunikwa vile. Nilivimba kichwa.

Watoto wa hesabu darasa la tatu walikuwa kama 40. Mimi nilipewa kikundi cha watoto wanane kwenye chumba kidogo, pamoja na mwalimu mmoja Mmarekani. Kila mtoto anapewa Chromebook, kompyuta ndogo ya kukunja, na kijitiketi cha karatasi chenye jina la kuingilia na neno la siri, na mwisho wa siku tiketi zote zinahesabiwa, zinarudishwa, zinachanwa. Bahasha zetu za Muheza zimekuwa vipande vya karatasi vya ukubwa wa tiketi ya daladala.

Mtihani wa hesabu unajipanga kwa mtoto. Akipata swali, linakuja gumu zaidi. Akikosa, linakuja jepesi. Hauna dakika za kumaliza, mtoto anakaa nao mpaka achoke mwenyewe. Ni ufundi wa maana, unakuonyesha mtoto yuko wapi hasa. Ila jaribu kumweleza hilo mtoto wa miaka tisa. Mwenye akili ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu kila anapopanda ngazi anakuta ngazi nyingine ndefu zaidi, na hakuna anayemwambia kwamba ule ugumu ndiyo sifa yake.

Kwenye kikundi changu mwenye akili alikuwa Kaptula. Hilo siyo jina lake. Nimempa kwa kuwa alivaa kaptula mwaka mzima, theluji ikiwa magotini, na mama yake alikwisha kata tamaa. Alikuja akiwa na miaka sita. Ndiye wa kwanza kwenye kundi langu kuijua tebo ya saba, akaikariri kwa Kiswahili kwa kuimba, nami nikamwacha. Kuhesabu anahesabu kwa Kiingereza lakini kufikiri anafikiria Kiswahili. Unamwona midomo inacheza.

Kama katikati ya mtihani akanyoosha mkono. Nilimwendea, nikainama. Hakuuliza kwa Kiingereza. Aliweka kidole kwenye skrini, juu ya neno moja, akanong'ona: "Mwalimu, hii ndiyo nini?"

Neno lenyewe sitaliandika. Nimesaini. Nitasema tu kwamba halikuwa neno la hesabu. Ni neno dogo la kila siku, la namna ile ambayo ukilikosa swali zima linageuka, na ukilijua mtoto wa darasa la pili anaweza kulijibu. Na Kaptula namba za swali lile alikuwa ameshazipanga kwenye karatasi yake ya kukokotolea, njia mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Alikuwa anasubiri neno limwambie aende kushoto au kulia.

Nikalisema. Kwa Kiswahili, sauti ya chini, neno moja. Akasema "ahaa", akafuta njia ya kulia, akabonyeza.

Sikufikiri. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Miaka tisa niliwanyima watoto wa Muheza, na hawa wa huku nimewapa kabla sijameza mate. Niliinua kichwa nikaona lile karatasi la kahawia nililobandika mwenyewe, limenyooka, halina hata kunyanzi.

Mwalimu mwenzangu hakusikia, na hata angesikia asingeelewa. Ningeweza kunyamaza. Nilizunguka chumba mara mbili, nikatazama saa, nikatazama watoto, na saa tano mtihani ulipokwisha nikaenda ofisini kwa mratibu wa mitihani. Ni binti wa Kimarekani, umri wa mwanangu angekuwepo, mpole, akisikitika anainamisha kichwa upande kama kuku. Nikamwambia: nimemtafsiria mtoto neno. Akauliza neno gani. Nikasita, nikamwambia nimesaini siwezi kulitaja. Tukatazamana. Akacheka, akafunga mlango, akasema kwake naweza.

Ndipo akanieleza jambo ambalo semina ililipita mbio. Mtoto kama Kaptula kwenye mtihani wa hesabu anaweza kuruhusiwa kamusi ya neno kwa neno, Kiingereza kwa lugha yake, isiyo na maelezo wala mifano. Inapangwa mapema, inaandikwa kwenye faili lake. Kwa hiyo lile neno angeweza kulipata kihalali.

"Angelisoma," nikamwambia, "kama angejua kusoma Kiswahili."

Hapo akainamisha kichwa. Kaptula hajawahi kusoma darasa hata moja kwa Kiswahili. Kambini watoto wa Kikongo wanafuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, naye aliondoka kabla hajaingia la kwanza. Kusoma amejifunzia hapa, kwa Kiingereza. Kiswahili chake kiko masikioni na mdomoni tu. Kamusi ya macho aliruhusiwa, ya masikio hakuruhusiwa. Wenye kutunga kanuni walimfikiria mtoto aliyesoma kwao akahamia huku. Huyu aliyezaliwa ukimbizini, ambaye lugha ya nyumbani hakuwahi kuiona ikiandikwa, hakuwamo kichwani mwao. Wala mimi niliyekuwa namfundisha kila siku sikuwa nimelifikiria mpaka dakika ile, na ndiye niliyetakiwa.

Nilijaza fomu: jina langu, saa, chumba, nilichosema, kwa nini. Kwenye "kwa nini" niliandika mistari minne nikaifuta, nikaandika: nilisahau. Siku mbili baadaye jibu likaja. Mtihani wa hesabu wa Kaptula umebatilishwa. Hana alama. Mimi nilipewa onyo la mdomo, na kwa mwaka unaofuata nikapangwa kusimamia korido.

Adhabu ya korido niliipokea. Iliyonikaa kooni ni ya Kaptula, na ya shule. Maana huku mambo yamegeuzwa. Mtoto wa Minnesota harudii darasa kwa sababu ya MCA, haongezewi wala hapunguziwi alama kwenye ripoti yake ya shule. Anayefanya mtihani ni mtoto, anayesubiri matokeo kwa presha ni shule. Wiki ile ile tulikuwa na kikao, mkurugenzi akatuwekea hesabu ubaoni. Watoto 40 darasa la tatu, kila mmoja ni asilimia 2.5. Wazazi wa watoto watano walikuwa wamesaini fomu ya kukataa mtihani, ambayo sheria ya jimbo inawaruhusu. Asiyefanya hapewi alama, lakini kwenye hesabu za shule anawekwa upande wa wasiofikia kiwango. Sheria ya Washington nayo inataka asilimia 95 ya watoto wafanye. Watano waliokataa, na sasa Kaptula. Mkataba wetu na taasisi iliyotoa kibali ulikuwa unakaribia kuisha, na ndani ya mkataba malengo ya MCA yameandikwa kwa tarakimu. Mkurugenzi hakunitaja jina. Alisema tu "na mmoja kwa bahati mbaya", nami nikatazama viatu vyangu.

Wale waliokataa siwalaumu. Wengine wana sababu za maana kuliko zangu. Mama mmoja alisema mwanawe anatapika kila asubuhi ya mtihani. Lakini ziangalie familia zenyewe: wote wenyeji, wanaosoma sheria, wanaojua fomu ilipo. Katika Wakongo, Wasomali na Wakaren sikumwona hata mmoja aliyeikataa. Kwetu kumwambia serikali "mwanangu hafanyi mtihani wako" ni jambo ambalo ulimi hauna pa kulianzia. Basi watoto wanaobeba asilimia za shule ni wale wale ambao Kiingereza hakijawakaa, na mwisho wa mwaka gazeti linaandika shule fulani imeshuka. Tena jimbo zima, pamoja na watoto waliozaliwa na Kiingereza mdomoni, miaka ya karibuni wanaofikia kiwango cha hesabu hawatimii hata nusu.

Mama yake Kaptula nilimpigia mwenyewe. Mratibu alisema barua inatosha, nikamwambia barua kwa huyu haitoshi. Nilimkuta ametoka zamu ya kiwanda cha nyama, akanikaribisha chai.

"Mwalimu, mtoto ameanguka?" Wao hawasemi kufeli, wanasema kuanguka.

"Hakuanguka, mama."

"Basi pointi zake ziko wapi?"

"Hana. Wamezifuta."

Akaweka kikombe chini. "Alifanya mubaya gani?"

"Yeye hakufanya lolote. Nimefanya mimi. Aliniuliza neno la Kiingereza, nikamwambia kwa Kiswahili."

Alinitazama muda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilijiandaa hata kwa machozi, maana nilijua anavyowapigia simu ndugu zake Fizi kuwasimulia habari za shule ya mtoto.

"Neno moja?"

"Moja."

"Na kwa Kiswahili analijua?"

"Analijua sana."

"Basi analijua," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Nimelibeba jibu lile muda mrefu. Kuna siku naona mama yule alimaliza hoja yote iliyowashinda wenye vyeti. Kuna siku, nikiwa na usingizi wa kutosha, najibu kwamba hapana, mtoto atakwenda duka la dawa siku moja asome karatasi ya dozi yenye neno lile lile, na sitakuwepo kuinama. Siku zote mbili mimi ni mtu mmoja, sijui niseme nini. Ninachojua ni kwamba binti wa Muheza, yule wa leso, alikuwa na haki ya neno kuliko Kaptula, kwa sababu kwake mlango ulikuwa unafungwa kweli, na ndiye niliyemnyima.

Karatasi za matokeo zilikuja shule zilipofunguliwa tena. Ya Kaptula ina kusoma: amefikia kiwango kwa sehemu. Mahali pa hesabu hakuna namba. Mama yake ameiweka kwenye lile faili la plastiki lenye kadi za chanjo na karatasi za safari kutoka Kigoma, humo humo, kwa sababu ina jina la mtoto na nembo ya serikali.

Sasa yuko darasa la nne. Mratibu na mimi tumeandika kwenye faili lake, na la wenzake sita, nani anasoma lugha ya nyumbani na nani anaisikia tu. Kuna vitu vichache vya sauti vinavyoruhusiwa kwenye hesabu kwa Kiingereza, na tutavitumia. Kwa Kiswahili hakuna. Kila Jumatano nakaa na watoto saba kwenye meza ya maktaba, tunasoma hadithi za sungura na fisi kwa Kiswahili, herufi kwa herufi, ili ile kamusi wanayoruhusiwa iwafae siku moja. Kazi hiyo haimo kwenye mkataba wa shule na hailipiwi. Kaptula anasoma kwa pupa, anaruka mistari, anataka kujua fisi ameliwa au hajaliwa.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya chakula cha mchana. Alikuwa kwenye foleni na sinia yake, kaptula ile ile. Alipofika kwa mama wa jikoni akamwambia jambo kwa Kiingereza, na katikati ya sentensi akaliweka lile neno, mahali pake hasa, kisha akageuka kunitazama kama niko. Akapewa maziwa mawili.